Zizi la Kioo

Lilongwe
5 Machi 1996

Kwa shemeji NyaManda,

Pokea salamu zetu sote wa hapa Lilongwe. Sisi ni wazima kwa rehema za Mungu, ila mke wangu anasumbuliwa na jino, na baba kule Mzimba mguu bado unamvimba. Mvua hazikutusahau mwaka huu, mahindi yamesimama vizuri. Natumaini nanyi watu wa ziwani mmevuna huo muhogo wenu mnaousonga mpaka unakuwa gundi. Ni utani tu, shemeji.

Najua hatujaandikiana tangu tumzike kaka Wyson. Siku zile yalisemwa mengi, na wewe hukuwa na breki mdomoni. Kwa upande wangu nimeshasamehe. Mtu mzima hafugi kinyongo.

Sasa nije kwenye shabaha ya barua. Hapa mjini inajengwa hoteli mpya ya Bwana Kapalamula. Anataka ukumbini pawe na tangi la kioo la mita tano, lijae samaki, mbuna wa rangi zote za ziwa letu. Kazi hiyo nimepewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye mrithi wa biashara ya kaka ya samaki wa mapambo. Ufunguzi ni Jumamosi tarehe 28 Septemba, wageni wakubwa wamealikwa. Likipendeza, kuna hoteli nyingine mbili nyuma yake. Lisipopendeza, ameniambia wazi kwamba atanitangaza mji mzima kuwa mimi ni mchuuzi wa samaki wafu.

Kazi naimudu, bila shaka. Ila nimetia samaki mara mbili, na mara mbili wameelea tumbo juu. Nawanunua wazuri kutoka Senga Bay, nawapa nyama ya kusaga ya daraja la kwanza, bado wanakufa na wengine wanang'atana mapezi. Daftari la kaka lina majina ya wateja tu. Nakumbuka aliwahi kusema kwamba nani akae na nani ndani ya tangi ni jambo uliloamua wewe. Basi niandikie, upesi, ni aina gani zinapatana.

Sekani hajambo. Amenenepa.

Ni mimi shemeji yako,
Yotamu Makamo


Chikale, Nkhata Bay
20 Aprili 1996

Shemeji Yotamu,

Salamu nimezipokea. Mama yangu mzima, macho tu ndiyo yanamfifia kidogo kidogo. Usipa wamekuwa wengi mwezi huu, mawe yote ya ufukweni yameanikwa samaki na kijiji kizima kinanuka utajiri. Mpe pole mke wako. Mwambie asukutue na chumvi. Muhogo tumevuna. Gundi yetu ndiyo iliyomnenepesha kaka yako miaka kumi na mmoja, alipotoka kwenu akiwa mbavu tupu.

Barua yako ilifika Machi. Nimeiweka juu ya kabati wiki tano, napita, naitazama, naenda zangu. Unasema umesamehe. Hebu nikukumbushe ulichonisamehe. Siku ya tatu baada ya mazishi ulikuja na lori. Ulikuwa umeniambia jana yake kwamba kwa desturi yenu utanirithi, nikakataa, maana ulitaka kunirithi pamoja na kompresa ya wapiga mbizi. Basi ukachukua kompresa, matangi, pampu, mashua, hata ndoo. Maji ya matangi uliyamwaga uani kwangu na samaki wakiwa ndani yake. Halafu ukampandisha Sekani juu, katikati ya matangi, ukasema ng'ombe wanane walilipwa, kwa hiyo mtoto ni wa zizi la Makamo. Wazee wenu wakatikisa vichwa wakakubali. Hata chifu wetu alisema sheria ya mahari ndiyo hiyo. Agosti mwaka jana nilikuja mpaka getini kwako Lilongwe. Mlinzi akaniambia mmesafiri, na nguo zenu zilikuwa kwenye kamba zinadondosha maji.

Nakuandikia si kwa sababu yako. Nakuandikia kwa sababu kwenye barua yako kuna maneno mawili juu ya mwanangu, na mimi nimeyala hayo maneno mawili wiki tano.

Haya, samaki. Mbuna ni watu wa mawe, wanakwangua ukoga kwenye mwamba. Wewe unawalisha nyama kama unanenepesha fahali wa harusi! Matumbo yanavimba wanakufa. Wape majani, mchicha uliochemshwa, kidogo, mara mbili kwa siku. Panga mawe kutoka chini mpaka karibu na uso wa maji, yawe na mapango mengi. Usiweke kampango humo, yule kambare mkubwa, atawameza. Anza na wale wa manjano wa kisiwa cha Mbowe, ndio wapole kuliko wote, kisha wale wa kijivujivu wenye pua ya kukwangulia. Na usichanganye aina mbili zenye vazi moja. Samaki akimwona mwenzake amevaa kama yeye, anadhani amekuja kumnyang'anya mke.

Ukifanya hivyo hawatakufa. Nami nataka kitu kimoja. Sekani ana miaka tisa, anajua kuandika. Aniandikie mstari mmoja kwa mkono wake.

Tiwonge Manda


Lilongwe
9 Mei 1996

Shemeji mpendwa,

Salamu tele! Jino la mke wangu limeng'olewa, baba anatembea kwa mkongojo. Tumefurahi wote.

Mambo yamekwenda vizuri ajabu. Tangu niwape mchicha hajafa hata mmoja. Bwana Kapalamula alikuja na mke wake, wakasimama mbele ya kioo nusu saa. Akaniuliza, "Makamo, haya umejifunza wapi?" Nikamwambia haya mambo yako kwenye damu ya ukoo wetu. Nisamehe, lakini huwezi kumwambia mtu mkubwa kama yule kwamba nafundishwa kwa barua na mwanamke wa Nkhata Bay.

Lakini ana neno moja. Anasema tangi limepoa, manjano na kijivu tu, kama sare ya shule. Anataka buluu kali, dhahabu, milia, kitu cha kumfanya mgeni aangushe sanduku. Niambie niongeze nini.

Kuhusu Sekani: mtoto ana masomo mengi. Mwalimu ameshauri asivurugwe na barua barua. Wewe ni mama, utaelewa. Tumwache atulie.

Shemeji yako,
Yotamu


Chikale, Nkhata Bay
2 Juni 1996

Shemeji yangu Yotamu,

Hujambo, na wa nyumbani hawajambo? Nafurahi kusikia mzee anatembea. Hapa upepo wa mwera umeanza, ziwa limechafuka, wapiga mbizi wamekaa barazani wanacheza bao na kugombana. Mama anakusalimu. Nilimuuliza kama kweli anakusalimu, akasema andika hivyo hivyo.

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na nafurahi kwamba mwundaji ni damu ya Makamo. Sina ugomvi. Hata la mstari wa Sekani sitalirudia tena. Kama mwalimu amesema, amesema. Labda picha basi? Mpigapicha yeyote wa sokoni. Nione tu kama meno ya mbele yameota.

Sasa rangi. Kuna samaki wa aina tatu watakaolipamba tangi lako, na wote utawapata Senga Bay.

Wa kwanza ni yule mdogo wa dhahabu mwenye milia myeusi, urefu wa kidole. Hakuna samaki mzuri kama huyo ziwani. Tia madume wanne. Utaona madume wanaanza kugeuka weusi; usiogope, ni dalili ya kwamba wamezoea nyumba.

Wa pili ni yule mwembamba wa buluu, mwenye mistari ya kusimama. Tia wawili tu.

Wa tatu ni kaligono, mwenye madoa. Jina lake kwa watu wa kusini ni mlalaji, nawe utaona kwa nini: anajilaza ubavu mchangani kutwa nzima kama mlevi. Wageni watacheka sana. Chukua wa shibiri moja, wawili. Usiwaamshe.

Na jambo kubwa kuliko yote: usiwajaze. Wewe ni mtu wa ng'ombe, sina haja ya kukufundisha. Fahali wawili wakibanana kwenye zizi dogo si watatoboana? Samaki nao ni hivyo. Wape malisho. Ukiona wanagombana, punguza. Wakigombana tena, punguza tena. Kila mmoja akipata uwanja wake, atatulia.

Akhera na duniani, nakutakia unachostahili.

Tiwonge


Lilongwe
14 Julai 1996

Shemeji,

Hatujambo. Nafupisha salamu, unisamehe.

Kuna jambo linaendelea humu ndani ya tangi. Wiki mbili za kwanza palikuwa peponi, watu wa jirani walikuja na watoto kutazama. Kisha madume wawili wa dhahabu wakageuka weusi kama ulivyosema, nikafurahi. Tangu hapo hakuna usingizi. Wa manjano wote wamesukumwa kona ya juu, mapezi yamekuwa nyuzi. Nikapunguza kama ulivyoelekeza, nikatoa kumi. Ikawa mbaya zaidi. Nikatoa kumi na tano. Sasa yule mwembamba wa buluu amejitwalia nusu nzima ya tangi, ukipitisha mkono anakuja kuuma kidole! Na wadogo wanapotea. Nahesabu asubuhi, nahesabu jioni, hesabu haikubali, na maiti sioni. Kaligono wamelala tu, wamenona.

Nilikuwa na samaki themanini. Nina ishirini na mbili. Bwana Kapalamula aliuliza kwa nini kioo kimekuwa kitupu, nikamwambia wamekwenda kuzaa.

Nipunguze wangapi tena?

Yotamu


Chikale, Nkhata Bay
30 Julai 1996

Shemeji Yotamu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, maana nataka uwe mzima unapoisoma. Huku kwetu hatujambo. Mama ananiuliza kwa nini nacheka peke yangu jikoni.

Usipunguze tena. Nilikudanganya.

Yule wa dhahabu ndiye jambazi mkubwa wa mawe yote ya ziwa hili; akigeuka mweusi maana yake ametawazwa. Mwembamba wa buluu hata sisi tuliozaliwa nao tunamweka tangi la peke yake. Na kaligono halali, shemeji. Anajifanya maiti ili wadogo waje kumdonoa, halafu anafumbua kinywa. Hesabu yako iko tumboni mwake.

Lakini hao wote wasingekushinda kama usingeniamini kwenye lile moja la malisho. Wapiga mbizi wa hapa nilipowasomea barua yako waligaagaa chini kwa kicheko. Mtoto wa Chikale wa miaka sita angejua kwamba nimesema kinyume. Nilijua wewe utameza, kwa sababu umekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe na unadhani dunia nzima ni zizi. Namna ya kuwapatanisha ninaijua. Ninajua pia kazi ndogo ya kufanya siku ile ile ya kuingiza samaki wapya, ambayo bila hiyo watauana tena. Kaka yako aliijua kwa sababu nilimfundisha mimi, na hakuiandika kwa sababu mimi nilikuwa pale.

Samaki wale sikuwa na chuki nao. Wa manjano wa Mbowe nimewalea tangu nikiwa msichana, na niliposoma kwamba mapezi yao yamekuwa nyuzi niliiweka barua chini nikatoka nje. Lakini uliwamwaga uani kwangu bila kutoa machozi, basi mla mbuzi hulipa ng'ombe.

Nataka Sekani. Si mstari, si picha. Mpandishe basi, aje Nkhata Bay na nguo zake, na barua ya mkono wako kwamba zizi la Makamo halimdai tena. Siku atakayoshuka nitakupa yote, kweli tupu, na utakuwa na muda wa kujaza tangi. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Nimeeleka jiwe mwaka mmoja na nusu, na sasa nimelitupa kwenye kioo chako.

Zimebaki siku sitini.

Tiwonge Manda


Lilongwe
17 Agosti 1996

NyaManda,

Sina salamu za kukupa.

Wewe ni mchawi. Kaka yangu aliambiwa asioe ziwani, akaziba masikio. Nimemsomea baba barua yako; amesema mtoto wa ukoo habadilishwi na samaki, na kwamba zamani watu wenu mlikuwa mnakimbilia juu ya mawe ukisikika tu mlio wa ngao zetu. Tuko tayari kukupeleka mbele ya chifu tena.

Usidhani wewe ndiye mwenye ziwa. Senga Bay wamejaa wapiga mbizi. Kesho nakwenda kumchukua mmoja wao, na atanifundisha yote kwa chupa mbili za bia.

Mtoto humpati. Huna unachokijua kuhusu mtoto huyu sasa.

Y. Makamo


Lilongwe
15 Septemba 1996

Shemeji Tiwonge,

Natumaini u mzima, na mama pia. Sisi tupo.

Hukuijibu barua yangu ya Agosti. Nilidhani utajibu, hata kwa matusi. Kila siku nilikwenda posta.

Nimeleta watu watatu kutoka Senga Bay. Wa kwanza alisema toa wote. Wa pili alisema tia wote. Wa tatu alifuata maneno ya wa pili, akatia samaki arobaini kwa siku moja, na kufikia Alhamisi wamebaki sita. Alipotazama kioo aliniuliza, "Bwana, nani alikupangia hivi? Huyu anakujua." Nikamfukuza.

Bwana Kapalamula amenipa mpaka siku ya ufunguzi. Nimeweka jina langu rehani kila mahali, shemeji. Kanisani wananiita Makamo wa Samaki. Likiwa tupu tarehe 28, sitaweza kupita barabarani.

Umeshinda. Sekani anapanda basi Jumatano tarehe 18, atakuwa kwa kondakta anayeitwa Zgambo, mtu mwaminifu. Karatasi ya ukoo ameibeba, baba ametia kidole. Samaki mia moja nimeshawaweka kwenye mapipa Senga Bay, nangoja neno lako tu. Tafadhali, jibu mpe Zgambo mkononi anaporudi kesho yake asubuhi, ili nilipate Alhamisi jioni. Posta ni wiki nzima, nitakuwa nimekwisha; hata barua hii naituma kwa basi la kesho.

Kuna jambo dogo ambalo huenda mtoto atakuambia. Usilichukulie vibaya. Alikuwa analia sana mwanzoni, hali, halali, na ilibidi tufanye kitu atulie. Ilikuwa kwa nia njema.

Shemeji yako,
Yotamu


Chikale, Nkhata Bay
28 Septemba 1996

Shemeji Yotamu,

Salamu. Mama yangu mzima. Mwera umekatika, ziwa limetulia, wapiga mbizi wamerudi majini. Mpe pole baba kwa kidole chake chenye wino. Karatasi nimeipata na chifu ameigonga muhuri, kwa hiyo usijisumbue na ngao.

Mimi ni mtu wa kutimiza nilichosema, na nilikuahidi kweli tupu. Hii hapa.

Tangi la mbuna hulipatanishi kwa nafasi, unalipatanisha kwa msongamano. Wajaze. Tangi lile linataka mia, hata mia na ishirini, wa umri mmoja, waingie pamoja. Wakiwa wachache, mwenye nguvu anachagua mnyonge mmoja na kumfuata mpaka amuue. Wakiwa wengi, anamfukuza huyu anakutana na yule, anachoka, anakula mchicha. Hakuna anayepata uwanja, kwa hiyo hakuna wa kuulinda. Ndiyo maana kwenye mwamba wao wanaishi kama watu wa sokoni.

Halafu ile kazi ndogo. Siku ya kuingiza wapya, toa mawe yote na uyapange upya, hata lililokaa vizuri. Wenyeji wakirudi hawalijui pango lao, wote wanakuwa wageni siku moja. Watu wa Senga Bay walikuambia ujaze, hawakukuambia ulihamishe kila jiwe, maana wao huvua tu, hawafugi. Kaligono mtoe. Wa dhahabu na mwembamba watoe. Wa manjano wawe wengi, wa buluu wenye milia mipana wafuate, na wekundu wa upande wa Msumbiji wachache, waingie mwisho. Rangi zitakuwa kama kanga za harusi, na hawatauana. Uliza mpiga mbizi yeyote wa hapa, hakuna neno la uongo.

Maneno hayo yote niliyaandika Jumanne tarehe 17, kabla basi halijaondoka Lilongwe. Yalikuwa kwenye bahasha, bahasha ikiwa kifuani kwangu, nilipokwenda stendi Jumatano. Nilikuwa nimeamua kukupa ushindi wako. Nilisema moyoni, huyu ni baba mdogo wa mwanangu, yaishe.

Zgambo alimshika mkono akamshusha. Amekonda, shemeji. Ulisema amenenepa. Nywele zimenyolewa kipara. Nikamwita, "Sekani!" Akanitazama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga tairi.

Akaniuliza, "Wewe ni dada yake mama?"

Nikamwambia, "Mimi ni mama, mwanangu. Ni mimi."

Akapiga yowe mpaka wauza ndizi wakasimama. Zgambo akasema, "Mama, huyu mtoto ana nini? Njiani alikuwa anaimba tu." Nilijaribu kumshika, akakimbilia ndani ya basi, chini ya kiti cha dereva, na ilichukua watu watatu kumtoa. Alikwenda nyumbani ameshikwa na bibi yake, niliyekuwa nimekuja naye stendi. Mimi nilitembea nyuma yao kama mtu asiyehusika.

Siku tatu hakula chakula nilichopika. Ya nne alikuja nilipokuwa naosha vyombo, akanifinya mkono, akangoja nione maumivu. Kisha akaniuliza, "Sasa yule niliyepelekwa Mzimba kulilia kaburi lake ni nani?"

Nimejua basi. Pasaka ya mwaka jana. Mlimwonyesha tuta la udongo mkamwambia mama yako yuko humu, mkamnyoa, mkampa kitambaa cheusi, na tangu siku hiyo akatulia. Ndiyo sababu mtoto hakuweza kuandika mstari kwangu. Ndiyo sababu getini kwako mlikuwa mmesafiri. Uliniandikia hapa unipe salamu, unitanie na muhogo wangu, unaniita mpendwa, na huku chumba cha pili mtoto wangu ananiombea nipumzike kwa amani. Nilidhani mimi ndiye mwongo kati yetu wawili. Mimi niliua samaki.

Yale ya kaburi nilikuja kuyasikia Jumapili, lakini pale stendi yowe lile lilikuwa limeshaniambia ya kutosha. Alhamisi asubuhi nilikwenda kumwona Zgambo. Injini inanguruma, abiria wamekaa, kila mtu ananitazama. Akanyoosha mkono dirishani.

"Mama, jibu la Bwana Makamo liko wapi? Amenisisitiza sana, amesema nisiondoke bila hilo."

Bahasha ilikuwa hapa kifuani, nimeishika. Nikamwambia, "Kamwambie Bwana Makamo kwamba uliuliza, ukaambiwa shemeji yake alishakufa. Maiti haiandiki."

Akacheka, akidhani ni utani wa mashemeji. Akaondoka.

Leo ni Jumamosi. Posta inafungwa saa sita, nami nitaitia barua hii dakika ya mwisho. Saa hii wageni wako wanavaa tai. Wataingia ukumbini, watasimama mbele ya mita tano za maji safi na mawe yaliyopangwa vizuri, na kati yake buluu mmoja mwembamba anayemtafuta wa kumuua. Waeleze wewe mwenyewe, mambo haya yako kwenye damu ya ukoo wenu.

Mimi nimefufuka, Yotamu. Sekani yuko nje anamsaidia bibi yake kuanika usipa, na nywele zimeanza kuota.

Tiwonge Manda